Prosesa mpya imetoka, mbona Kasulu haijafika?

  Leo tuwaache kidogo wale waliofumaniana, tuongee habari ya kompyuta. Na usikimbilie ukurasa wa michezo, maana habari hii inagusa mfuko wako moja kwa moja.

Kila Januari kule Las Vegas, Marekani, hufanyika maonyesho makubwa ya vifaa vya elektroniki yanayoitwa CES. Mabosi wa makampuni ya prosesa, kina Intel na AMD, wanapanda jukwaani, wanainua juu kitu kidogo kama biskuti, watu wanapiga makofi. Prosesa mpya hiyo! Kwa asiyejua, prosesa ndiyo ubongo wa kompyuta. Ukiuziwa kompyuta isiyo na prosesa umeuziwa sanduku.

Sasa wewe uko zako Kasulu, au uko Kibondo, na umeyaona yote hayo kwenye simu usiku uleule. Asubuhi unashuka mjini na hela ya maharage mfukoni, unaingia duka la kompyuta, unaulizia ile ya jana. Muuzaji anakuangalia kuanzia kichwani mpaka kwenye ndala, halafu anakuonyesha laptopu ambayo ilipotoka kiwandani wewe ulikuwa bado unavaa kaptula ya shule ya msingi.

Hapo wengi wanatoka wamenuna. "Ndiyo shida ya kukaa mkoani bwana, kila kitu kinatukuta kimeshapoa." Wengine wanamlaumu muuzaji, eti mshamba, hajui mambo. Mimi leo namtetea kidogo muuzaji, halafu mbele huko nitamgeukia. Kwanza tuelewane: hata Marekani kwenyewe, dukani kabisa, prosesa za kundi moja hazifiki siku moja. Ya bei mbaya inatangulia, ya mlalahoi inafuata baada ya miezi. Kwa hiyo kabla ya kulalamikia umbali wa Kasulu, twende kwanza kiwandani.

CHENGA HAZITANGULII MCHELE

Prosesa inachongwa juu ya sahani nyembamba ya silikoni. Sahani hiyo ina upana wa milimita 300, yaani rula moja ya shule. Juu ya sahani moja wanachapa chipu nyingi kwa mpigo, mamia kama ni ndogo, na kazi nzima tangu sahani tupu mpaka iwe tayari huchukua kama miezi mitatu. Intel wana viwanda vyao Marekani, Ireland na Israeli. AMD hawana kiwanda cha kuchonga. Kazi yao kubwa inafanywa na kampuni ya TSMC ya Taiwan.

Tatizo ni kwamba sahani haitoi chipu zote nzima. Kichembe kidogo cha uchafu usichoweza kukiona kwa jicho kinatosha kuharibu sehemu. Ndani ya prosesa kuna vyumba vya kazi vinavyoitwa viini. Chipu moja inatoka na viini vyote 8 vinapiga mzigo, jirani yake inatoka viwili vimekufa, nyingine ni nzima lakini ukiiendesha kasi inapata moto kama pasi ya mkaa.

Je, wanazitupa zile zenye kilema? Thubutu! Hapa yeyote aliyewahi kupanga foleni kwenye mashine ya kukoboa ataelewa kuliko mwenye digrii. Mpunga ni uleule, mashine ni ileile, lakini chini unachekecha, mchele mzima huku, chenga kule. Na hakuna mtu anayeamka asubuhi akasema leo nakoboa chenga tupu. Chenga unazikusanya kidogo kidogo, mpaka gunia lijae ndipo unazipeleka sokoni.

Angalia AMD walivyofanya mwaka 2017 walipotoa prosesa zao za Ryzen. Tarehe 2 Machi walileta Ryzen 7, yenye viini 8, na mkubwa wao, 1800X, aliuzwa dola 499. Tarehe 11 Aprili ndipo wakaja Ryzen 5, wa viini 6 na viini 4. Ryzen 3 akasubirishwa mpaka tarehe 27 Julai. Yule mdogo, 1200, alikuwa na viini 4 na bei yake dola 109. Unajua nini? Ndani ya makopo yote hayo mlikuwa na chipu ya aina moja, iliyochongwa kwa viini 8. Kwa mkubwa vyote vimewashwa, kwa mdogo nusu vimezimwa. Aliyekuwa na dola 109 alisubiri karibu miezi mitano kupata ndugu wa tumbo moja na yule wa dola 499.

Ila tusiwafanye malaika. Si kila chipu iliyozimwa viini ina kilema. Nyingine ni nzima kabisa, zinapunguzwa makusudi ili duka la bei ya chini lisikae tupu. Kuna ujanja wa biashara pale, na ujanja wenyewe unaujua kama umewahi kwenda kununua mitumba. Belo likifunguliwa saa moja asubuhi, bei ni nyingine. Wenye haraka na hela wanachagua, wanalipa bila kubishana. Saa kumi jioni muuzaji anaanza kuimba bei za kutupa. Shati ni lilelile. Makampuni ya prosesa nayo yanafungua belo asubuhi, yanawakamua kwanza wasioweza kusubiri, jioni ndiyo yanatukumbuka sisi.

UBONGO BILA MWILI

Tena kuna mkasa mwingine. Prosesa peke yake haifanyi kitu. Lazima ikae juu ya ubao wake mkubwa, ule mafundi wetu wanauita mazabodi, na kizazi kipya cha prosesa mara nyingi kinadai mazabodi mpya.

Tarehe 5 Oktoba 2017 Intel walipeleka sokoni prosesa za kizazi cha nane kwa ajili ya kompyuta za mezani. Mojawapo ilikuwa i5-8400, prosesa nzuri kwa mtu wa kawaida. Mtu wa kawaida akafurahi. Kuja kuangalia, mazabodi zilizokuwepo ni zile za gharama tu, za mabwana wakubwa. Mazabodi za bei poa kwa kizazi hicho zilikuja Aprili 2018. Nusu mwaka! Ni sawa na kuuziwa injini ya pikipiki leo halafu ukaambiwa fremu itakuja masika. Mchezo ukajirudia Novemba 2021 kwa kizazi cha 12: tarehe 4 zikatangulia zile kubwa zenye herufi K na mazabodi zao za bei, wadogo na mazabodi zao wakatangazwa Januari 2022.

Kwenye laptopu ndiyo balaa zaidi, maana prosesa yake imeunganishwa moja kwa moja kwenye ubao, hununui peke yake. Unamsubiri HP, Dell au Lenovo amalize kutengeneza mashine nzima. Prosesa za laptopu za kizazi hichohicho cha nane zilitangazwa tarehe 21 Agosti 2017, kabla hata ya zile za mezani. Lakini laptopu za kiofisi ambazo sasa unaziona kila kona ya Tanzania, kama HP EliteBook 840 G5 na Lenovo ThinkPad T480, zilianza kutoka mwanzoni mwa 2018. Shika hiyo tarehe ya Agosti 2017, tutairudia.

Halafu swali la nani anakula kwanza. Kama mzigo ni mdogo, unadhani atapewa nani? Septemba 2018 viwanda vya Intel vilizidiwa. Bob Swan, aliyekuwa anakaimu ukubwa wa kampuni wakati ule, aliandika barua ya wazi akakiri kwamba mzigo umebana, hasa kwa kompyuta za bei ya chini, na kwamba kampuni inatanguliza prosesa za Xeon, zile za mashine kubwa za makampuni, na zile za Core zenye nguvu. Ndugu yangu, barua ile haikutaja Kibondo, lakini ilikuwa inaihusu Kibondo. Chakula kikipungua jikoni, mtoto wa mwisho ndiye anayelamba sufuria.

Kuna pia uoga, na uoga wao una sababu. Mwaka 1994 iligundulika Pentium ya Intel inakosea baadhi ya hesabu za kugawanya. Kompyuta inakosea kugawanya, fikiria! Kuwabadilishia wateja kuliwagharimu dola milioni 475. Januari 2011 wakakuta hitilafu kwenye chipu inayosaidiana na prosesa mpya za kizazi cha pili, wakasimamisha kupeleka mzigo, na gharama ya kurekebisha wakaikadiria dola milioni 700. Kwa hiyo mwaka 2024 AMD waliposogeza mbele Ryzen za mfululizo wa 9000 zilizopangwa tarehe 31 Julai, wakasema mzigo wa kwanza haukufikia ubora wanaoutaka, mimi sikushangaa. Wadogo wawili wakaingia dukani tarehe 8 Agosti, wakubwa wawili tarehe 15. Hiyo ni mara moja ambayo mdogo alimtangulia mkubwa, andika ukutani.

ENZI ZA KIBALI

Kabla hatujafika bandarini, nikumbushe kitu ambacho vijana wengi hawakijui. Kuna wakati hapa Tanzania tatizo halikuwa Las Vegas wala Taiwan. Kompyuta ya kwanza nchini iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Miaka 9 baadaye, 1974, serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta bila kibali. Runinga nazo zikawekwa kapu hilohilo, ndiyo maana Zanzibar walikuwa na televisheni yao tangu 1973 wakati sisi bara tulikaa mpaka 1994.

Hesabu mwenyewe. Intel 8086, babu wa prosesa hizi tunazotumia, ilitoka 1978. Ya 386 ilitoka 1985, ya 486 mwaka 1989. Vizazi vyote hivyo vilizaliwa, vikazeeka, huku mtu wa kawaida hapa hana pa kununulia. Milango ilikuja kufunguka miaka ya 1990 biashara ilipoachiwa. Kwa hiyo wazee wakikuambia kompyuta wameiona ukubwani, usiwacheke. Siku hizi marufuku hiyo haipo, na ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ushuru wa forodha wa kompyuta ni sifuri. Kodi nyingine zipo, usishangilie sana, lakini mlango uko wazi.

Sasa mbona bado zinachelewa?

KOMPYUTA NI NYANYA

Mzigo mwingi wa kompyuta unaokuja kwetu unapitia Dubai. Bandari ya Jebel Ali na eneo lake huru la biashara ndiyo ghala la ukanda mzima huu. Wasambazaji wakubwa wanashusha pale, wafanyabiashara wa Dar wanachukua pale. Msambazaji naye ana hesabu zake: kama ghala limejaa laptopu za mwaka jana, hana haraka ya kuleta za mwaka huu, maana za mwaka huu zikionekana tu, za mwaka jana zinageuka kuwa mzigo wa lawama. Anaziuza kwanza za zamani. Na anaziuza kwa nani? Kwa masoko ambayo hayapigi kelele. Ndiyo sisi.

Kutoka Dubai zinakuja Dar, zinaingia Posta na Kariakoo. Dar peke yake inameza karibu kila kilicho kipya, maana mabenki na makampuni ya simu yako karibu na hayalipi kwa mafungu ya mavuno. Kinachobaki ndicho kinachopanda basi.

Na basi lenyewe la Kasulu halicheki na mtu. Toka Dar, Dodoma, Singida, Nzega, Kahama, mpaka Nyakanazi, unakata kushoto kuelekea Kakonko, Kibondo, halafu ndiyo Kasulu. Zaidi ya kilomita 1,200. Kabla mradi wa lami wa Kabingo–Kasulu–Manyovu, kilomita 260, haujaanza kubadilisha mambo, kipande cha huku kilikuwa vumbi jekundu kiangazi na tope la kukwamisha lori masika. Laptopu ndani ya buti la basi, juu ya gunia la dagaa, inafika imetikiswa mpaka imejua jina la dereva.

Lakini ukweli niuseme: barabara si sababu kubwa. Basi linachukua siku moja mbili, halichukui miaka mitano. Sababu kubwa ni mtaji wa mwenye duka.

Jiweke kwenye viatu vyake. Kompyuta siyo sementi, kompyuta ni nyanya. Sementi ikikaa mwezi bei inaweza hata kupanda. Laptopu mpya kabisa ikikaa rafuni miezi sita, imeshaoza kibei, kwa sababu kule Las Vegas wameshainua biskuti nyingine. Mwenye duka la Kasulu akinunua moja ya kizazi kipya, amefunga hela ambayo ingenunua tatu nne zilizotumika, na wateja wa hizo tatu nne anawajua kwa majina. Ya kwake mpya ikileta ubovu, garantii yake iko Dar. Airudishe kwa basi, asubiri, aipokee tena, na wewe mteja kila siku uko mlangoni unauliza "vipi bosi, imekuja?"

Tena tujiulize, wateja wa huku wanafanyia nini kompyuta? Kuna wenye steshenari wanaochapa barua, risala na fomu za kujiunga kidato cha tano. Kuna vibanda vya kuweka muvi na nyimbo kwenye flashi. Kuna walimu, watu wa mashirika yanayohudumia wakimbizi, na wanafunzi wa vyuo waliorudi likizo. Kazi nyingi za hapo hazihitaji biskuti ya mwaka huu.

Na umeme, jamani. Kasulu na Kibondo ziliishi miaka na majenereta ya dizeli ya TANESCO, mpaka zilipoungwa kwenye gridi ya Taifa mwaka 2022. Mtu aliyezoea umeme wa kubahatisha hanunui kompyuta ya mezani yenye prosesa kubwa inayokula umeme kama jiko. Anataka laptopu yenye betri. Ndiyo maana ukizunguka maduka ya huku, kompyuta za mezani ni za kuhesabu, na prosesa za kununua peke yake kwenye kopo lake usitafute kabisa.

NAMBA 8

Sasa tuje kwenye kile kinachouma. Kama mpya hazifiki, zinazofika ni zipi? Ni zilizotumika. Na hizi zina ratiba yake, unaweza kuihesabu kama mimba.

Chukua ile prosesa ya Agosti 2017, inaitwa i5-8250U. Imetangazwa 2017. Imeingia ndani ya laptopu za kiofisi mwanzoni mwa 2018. Kampuni moja huko Uingereza au Marekani imenunua mia tano kwa mpigo, wafanyakazi wamezitumia miaka mitatu, minne, mitano, kisha zimeuzwa kwa jumla kama unavyouza chuma chakavu. Zimeingia Dubai, zimesafishwa, zimepangwa kwa madaraja, zikapakiwa meli. Kariakoo. Basi. Kasulu. Ukiijumlisha safari hiyo unapata miaka mitano mpaka saba tangu siku ya makofi. Kwa hiyo tarehe ya kuzinduliwa prosesa haikuhusu wewe kabisa. Inayokuhusu ni tarehe ambayo ofisi za Ulaya zinaamua kuitupa.

Na hapa ndipo Microsoft wameingia wakatikisa meza. Windows 11 ilipotoka Oktoba 2021, walisema rasmi kwamba kwa upande wa Intel inataka kizazi cha nane kwenda mbele, ukiacha chache sana za cha saba. Kwa AMD ni kuanzia Ryzen za mfululizo wa 2000. Kisha tarehe 14 Oktoba 2025 wakaacha kuihudumia Windows 10 kwa utaratibu wa kawaida, kwa maana ya zile sasisho za bure za kuziba matundu ya wezi na virusi.

Unaona hatari? Maofisi ya Ulaya na Marekani yaliyokuwa bado na mashine za kizazi cha sita na cha saba, za 2015 mpaka 2017, yalipata sababu ya kuzitupa kwa mkupuo. Mashine zikitupwa kwa mkupuo, bei inaanguka, na bei ikianguka, mzigo unatafuta watu wasiouliza maswali. Hapo tena ndiyo sisi.

Mashine ya kizazi cha saba siyo mbaya, niseme wazi. Ukitaka kuchapa barua na kuangalia muvi, itakuzika. Ukiiwekea Linux inaendelea kupata sasisho bila kuomba ruhusa ya Microsoft. Kosa ni kuuziwa ya saba kwa bei ya nane. Na wapo mafundi wanaoilazimisha Windows 11 ikae kwenye mashine ya kizazi cha sita; inakaa, inawaka, inapendeza, lakini Microsoft wenyewe wamesema mashine ya namna hiyo haina haki ya kudai sasisho. Umevalishwa suti ya kuazima.

Sasa namgeukia muuzaji, kama nilivyoahidi. Kuna baadhi, siyo wote, ambao silaha yao ni stika. "Kaka, hii ni Core i7, mashine ya kazi, hiyo nyingine ni i5 tu." Kijana anasikia 7 ni kubwa kuliko 5, anatoa mshiko wa msimu mzima wa maharage. Kumbe i7 ile ni i7-7500U ya mwaka 2016, ina viini 2. Ile "i5 tu" aliyoidharau ni i5-8250U, ina viini 4 na iko upande salama wa mstari wa Windows 11. Na zipo mbaya zaidi: i7-620M ya mwaka 2010, bado inaringia stika yake kama bibi aliyewahi kuwa mrembo wa kijiji.

Kwa hiyo stika ya i3, i5, i7 isikuzuge. Angalia namba inayofuata baada ya kistari. Ikiwa na tarakimu nne zisizoanza na 1, ya kwanza ndiyo kizazi: 6300U ni cha sita, 7200U cha saba, 8250U cha nane. Ikiwa na tarakimu tano, au nne zinazoanza na 1, mbili za kwanza ndizo kizazi: 10210U ni cha kumi. Ikiwa na tarakimu tatu tu, kama ile 620M, hicho ni kizazi cha kwanza, muulize muuzaji kama anauza au anachangisha. Herufi U ya mwisho maana yake ni ya kutumia umeme kidogo, nzuri kwa betri. Kuanzia Desemba 2023 Intel walibadilisha majina wakaleta Core Ultra, lakini hizo tuonane nazo ofisi za watu zitakapozichoka.

Wala usiliamini jina la mashine peke yake. EliteBook 840 G3 kwa kawaida ni kizazi cha sita, G4 cha saba, G5 cha nane. Ila kuna ThinkPad T480 zilizotoka na kizazi cha nane na nyingine, sura ileile, jina lilelile, zilizotoka na cha saba. Kwa nje huwezi kuzitofautisha hata ukizilamba.

Swali ninaloulizwa sana kijiweni: ninunue sasa au nisubiri? Kama una kazi inayokusubiri, nunua kizazi cha nane au zaidi, basi. Kama huna haraka, mashine za kizazi cha 11 na cha 12, za kati ya 2020 na 2022, ndizo zinazofikisha umri wa kutupwa maofisini, na kadiri zinavyoingia ndivyo ya nane inavyozidi kushuka bei. Kusubiri ile ya Las Vegas ifike Kasulu ikiwa mpya, kwa bei yako, hapo unajichosha bure.

Ukiwa dukani, usikubali kuonyeshwa mashine iliyozimwa. Iwashwe mbele yako. Bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi R, andika dxdiag, gonga Enter, utaona jina la prosesa limeandikwa lote na namba yake. Isome kwa sauti ili na fundi aliyeko pembeni asikie. Kisha chomoa waya wa chaja, piga stori na muuzaji robo saa, halafu ndiyo uangalie betri imebaki asilimia ngapi.